Buluu ya Ndani, Zambarau ya Nje

Mimi ndiye niliyemvalisha tajiri wangu rangi ya mpinzani wake, siku ya fainali, mbele ya wadi nzima, zikiwa zimebaki siku chache watu wapige kura. Sikuwa nimehongwa na mtu. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nasikia baridi tu, na chai yangu ilikuwa bado moto.

Naanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi mafundi vijana. Mzee akianza kueleza habari za kazi yake, anaanza na ile siku aliyopewa saa ya ukutani na kupigwa picha na meneja, nanyi mnaanza kufungua simu. Basi chukueni kosa kwanza. Hekima, kama ilikuwepo, mtaikwangua chini ya sufuria.

Kazi yangu ilikuwa kupika rangi. Nilipowaambia hivyo majirani zangu wa hapa Ngoingwa walidhani ni rangi ya nyumba, wakaniomba niwapakie ukuta. Hapana. Kiwanda chetu hapa Thika kilifuma soksi, sweta za shule na fulana, na pamba ikitoka kwenye mashine ya kufuma haina sura ya maana, iko kama ugali uliolala. Sisi wa chumba cha rangi ndio tuliizamisha kwenye mapipa ya maji moto ikatoka ikiwa kijani ya shule hii au maruni ya shule ile. Miaka yote hiyo nimetembea mjini nikitazama watu miguuni badala ya usoni. Nikiona soksi imepauka, ninayeona haya ni mimi, mwenye mguu hana habari.

Mwenye kiwanda alikuwa Mwitaliano, jina lake Renzo. Sijui kama kuna mtu kiwandani aliyewahi kulitamka sawasawa. Ulimi wa sisi Wakikuyu hauna urafiki na z, wala hauna uhakika kati ya r na l, kwa hivyo alikuwa Renjo asubuhi na Lenjo jioni, na wazee walikata maneno wakamwita Mutariano. Alitumwa akiwa fundi kijana, kutoka mji wao wenye viwanda vya sufu, aje afunge mashine na kurudi. Akafunga mashine. Kurudi akasahau. Mwenye kiwanda wa kwanza alipochoka, Renzo akakichukua yeye, na tangu hapo ukimtafuta ofisini humpati. Yuko chini ya mashine, miguu imetokeza, anaitukana kwa lugha yao. Hakuoa. Alisema mashine ya kufuma ni mke tosha, tena haina mama mkwe.

Kiswahili alijifunzia chumba cha rangi, yaani kwetu, na hapo mtamhurumia. Mwitaliano amezaliwa na r inayobingirika kama gurudumu, na l safi kabisa. Lakini alitusikia tukisema "kurara" kwa kulala na "mararo" kwa malalo, akadhani hicho ndicho Kiswahili cha vitabuni. Akaziweka kando herufi zake nzuri, akachukua zetu mbovu, akazisema kwa bidii. Wateja kutoka Nairobi wakija walisikia mzungu anaongea kama mtu wa Gatundu, wakawa hawajui wacheke au wasalimie.

Nilipoingia kazini, fundi mkuu wa rangi alikuwa Mzee Mutua, Mkamba kutoka Gatuanyaga, mtu mwembamba aliyeona maneno kama kitu cha kubana. Hakufundisha. Alifanya, nawe uone mwenyewe. Vipimo vyake vya rangi havikuandikwa popote; ukimuuliza alikujibu, "Tia mpaka itoshe." Kila asubuhi alichota maji ya mfereji akapika chai nayo kabla hajaanza kazi, nami miezi mizima niliamini ni uvivu tu kama wangu. Kumbe alikuwa anapima maji. Chai ikikaa utando juu, maji yana chokaa, na siku hiyo hatii rangi nyepesi hata bosi apige kelele. Leo mna vijikaratasi vya kupima maji. Vitumieni. Lakini siku vikiisha, kumbukeni chai.

Sasa sikizeni vile nilivyopata jina. Pamba hupikwa hivi: unatia rangi, kisha chumvi kidogo kidogo, kwa sababu chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iingie kwenye uzi. Ikishaingia kila mahali sawasawa, ndipo unatia magadi, polepole, na magadi ndiyo yanayoifunga isitoke tena. Chumvi kwanza, magadi baadaye. Mzee Mutua aliniacha na pipa moja la soksi za shule akaenda kumwona daktari wa meno. Nami nilikuwa nimelelewa na mama aliyetia magadi kwenye githeri, mahindi na maharagwe ya sufuria moja, mwanzoni kabisa, maharagwe yaive upesi, kuni zisiishe. Mkono wangu haukuuliza. Nikamwaga magadi mwanzoni, nikakaa kwenye gunia kungoja.

Soksi zilitoka na mabaka kama twiga.

Mzee Mutua aliporudi, shavu limefura, alizitazama, akanitazama, akaenda kumwita Renzo. Nilishaanza kuvua overoli. Renzo akachagua jozi moja, akakaa kwenye gunia la chumvi, akavua viatu, akazivaa zile soksi pale pale. Kisha akaniuliza nilitia nini kwanza, na kwa nini. Nikamweleza habari ya mama na githeri. Alizivaa wiki nzima. Mteja akija, anakunja suruali na kumwonyesha: hizi zimepikwa na kijana wangu, anaitwa Maharagwe. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu hakuniita jina lingine, na mimi tangu siku hiyo sijawahi kutia magadi mapema, hata nyumbani. Mke wangu analalamika githeri yetu ni kama changarawe.

Lakini funzo kubwa la Mzee Mutua lilikuwa lango. Rangi ikiwa tayari, alikata kipande kama kiganja, akakikausha kwenye bomba la boila, maana kitambaa kibichi ni mwongo, huonekana kimeiva kuliko kilivyo. Kisha anatembea na kipande hicho, pamoja na kile cha mteja, kutoka chumba cha rangi, apite godauni, apite mizani, mpaka langoni, nje kabisa. Anasimama kwenye kivuli cha ukuta, jua likiwa mgongoni. Anatazama saruji kwanza kupumzisha macho. Halafu anatazama vile vipande viwili, mara moja tu, kama mtu anayemtazama mke wa mwenzake. Ukikodoa sana jicho linaanza kukubali kila kitu.

Nilimwuliza kwa nini atembee mbali hivyo na chumba cha rangi kina taa ndefu za tyubu dari nzima. Akanijibu kwamba soksi itavaliwa nje, haitavaliwa kwenye dari.

Siku hizi kuna mashine inayotazama kitambaa na kukupa namba, nami siichukii. Lakini hata hiyo mashine unaiambia kwanza ni mwanga gani unaoutaka. Usipoiambia vizuri, itadanganya kwa namba, na uongo wa namba ndio mgumu kubishana nao.

Kwa nini taa inadanganya? Zile tyubu zetu za zamani zilikuwa na unyimivu wa nyekundu. Chukua buluu iliyochanganywa na nyekundu kidogo ili iwe nzito. Chini ya tyubu ile nyekundu haionekani, imejificha, unaona buluu safi. Ukiitoa nje kwenye mwanga wa Mungu, nyekundu inajitokeza, na ulichoshika si buluu tena. Hayo nilikuwa nayajua. Naomba muyaandike mahali kwamba nilikuwa nayajua.

Sasa mpira. Soksi za kiwanda chochote lazima nyingine ziharibike, na wafanyakazi walikuwa wakizijaza moja ndani ya nyingine mpaka zikawa mpira mzuri kuliko wa dukani, haupasuki na haumwumizi mtu. Saa ya chakula walicheza nyuma ya godauni. Renzo akawaona, akaomba kukaa golini. Alikuwa golikipa wa hovyo, lakini alipiga kelele vizuri sana. Mwaka haukuisha akawa amesafisha kipande cha ardhi ya kiwanda kando ya ua, kikawa uwanja, na timu ikaitwa Soksi. Mtu yeyote wa mtaa aliruhusiwa kuingia. Mpinzani wetu mkubwa alikuwa timu ya wachonga mawe wa Ruiru, watu wenye mabega kama milango. Kila mwaka walikuja kwa lori wakituimbia kwamba soksi zinanuka, nasi tukiwajibu kwamba jiwe halijui kukimbia. Kando ya uwanja jirani yangu Mama Njeri aliuza chai na nduma za kuchemsha, na kwa kweli watu wengine walifuata nduma kuliko mpira. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Siasa iliingia siku moja tu, kwa mlango wa chumba cha rangi. Si uchaguzi huu uliopita, ni ule wa kabla yake. Mzee Mutua alikuwa amesharudi Gatuanyaga kwa mbuzi wake, na fundi mkuu nilikuwa mimi, Mungu atuhurumie. Renzo akaja, akakaa kwenye gunia, akasema anataka kusimama kiti cha wadi, mgombea huru, awe mjumbe wetu kule Kiambu kwenye bunge la kaunti. Nilidhani anatania. Nikamwuliza mtu mwenye kiwanda anatafuta nini kwenye kiti ambacho hata vinyozi wanakigombania.

Akafuta grisi vidoleni. Kisha akasema, "Maharagwe, nimekaa hapa miaka mingi kuliko nilivyokaa kwetu. Nikipita sokoni bado wananiita mzungu, hau-a-yu."

Nikamwambia hao wanasalimia tu, na kitambulisho cha Kenya si anacho.

"Kitambulisho nilipewa na serikali. Nataka nipewe na watu."

Halafu akanieleza lile lililonifanya niweke kikombe chini. Alikuwa na uraia wa huku na wa kule. Sheria haimruhusu mwenye uraia wa nchi mbili kukalia kiti kama hicho, kwa hivyo alikuwa ameenda Nairobi kwenye ofisi yao akarudisha pasipoti ya Italia. Ameirudisha, kwisha. Dada yake kule alilia kwenye simu. Akaniuliza, bila kunitazama, "Sasa wakininyima hawa, mimi ni mtu wa wapi?"

Nikamwambia hawatamnyima. Fundi wa rangi anajua nini kuhusu kura, lakini nilisema, tena kwa sauti kubwa.

Kampeni zikaanza. Aliyempinga zaidi alikuwa mtu mwenye duka la mabati, ambaye hapa nitamwita Mwenye Mabati, atakayejitambua ajitambue. Rangi yake ilikuwa zambarau: kofia zambarau, mwavuli zambarau, hata punda wa kuvuta maji walifungwa vitambaa vya zambarau. Renzo alichukua buluu, rangi ya timu yetu. Mkutano wa kwanza alisimama juu ya kreti akawaambia watu amekuja kuomba kula zao. Mwalimu mmoja mstaafu akainua mkono, akamwambia kwa heshima kwamba ni kura, si kula; wanaokuja kula tunao wa kutosha. Watu walicheka mpaka kreti ikatikisika. Renzo akanigeukia pale nilipojificha, akauliza si ndivyo nilivyomfundisha. Mimi nikawa natafuta kitu kwenye kiatu changu.

Wiki moja kabla ya kura ilikuwa fainali, Soksi na wachonga mawe, uwanjani kwetu. Renzo akaagiza jezi mpya za timu na tisheti za mashabiki, mamia, zote buluu yetu. Buluu tuliyozoea ilikuwa imeisha stoo. Nikachukua nyingine, iliyokuwa changa kidogo, nikaitia tone la nyekundu ili iwe nzito kama ile ya zamani. Mpaka hapo hakuna kosa; fundi yeyote angefanya hivyo.

Ilikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Thika, mawingu yamekaa juu ya paa kama blanketi chafu, na manyunyu yasiyo na adabu ya kuwa mvua. Nikakata kipande, nikakikausha kwenye bomba. Lango lilikuwa kule, mbali, palepale lilipokuwa siku zote. Nami ni mtu wa kukaa. Mke wangu husema nikitumwa chumvi dukani naaga watu kama ninayeenda Mombasa. Boila ilikuwa inanguruma kwa upole, chai ilikuwa na tangawizi. Nikainua mkono mmoja juu, nikakitazama kipande chini ya tyubu pamoja na jezi ya zamani. Buluu na buluu. Huwezi kutenganisha. Nikasema sawa, pikeni zote.

Siku ya fainali timu ilivalia ndani ya godauni. Mashabiki nao walipewa tisheti humo humo, wakazivaa wakiimba, na chini ya zile taa nilisimama na mikono mgongoni kama mtu aliyeumba bahari. Renzo akanipiga bega. Ni rangi nzuri, akasema, nzuri kuliko ya kwanza.

Mlango mkubwa ukafunguliwa. Golikipa ndiye aliyetangulia. Alivuka kizingiti, na palepale, kama mtu aliyepitishwa kwenye pipa lingine, akageuka zambarau. Akafuata beki wa kulia: buluu, kizingiti, zambarau. Nilihesabu wote kumi na mmoja nikiomba angalau mmoja abaki. Nyuma yao mashabiki walitoka wakiimba jina la Renzo, wakiwa wamevaa Mwenye Mabati kuanzia shingoni mpaka kiunoni.

Wachonga mawe ndio walioona kwanza. Mmoja akauliza kwa sauti, "Nyinyi ni Soksi ama ni mabati?" Hapo uwanja mzima ukaona.

Mwenye Mabati naye alikuwa amealikwa, kwa ustaarabu. Wakati wa mapumziko akaomba kipaza sauti. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba amewahi kuona watu wa upande wa pili wakihamia kwake, lakini hajawahi kuona mpinzani anayemhamishia watu yeye mwenyewe, tena amewalipia nguo. Watu walilala chini kwa kicheko. Na ili mkosi uwe kamili, tukashinda mechi. Mbili kwa moja. Picha ya timu ya zambarau ikibeba kombe ilizunguka kwenye simu kuanzia Githurai mpaka Gatuanyaga, na walioiona bila kuambiwa waliuliza Mwenye Mabati ameanza lini kuwa na timu.

Renzo alicheka pamoja na wengine siku hiyo, lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na hayo yalionekana chini ya taa yoyote. Jioni alikuja chumba cha rangi akaniuliza imekuwaje. Nami, mtu niliyejua kila kitu kuhusu tyubu na lango, nilimwambia rangi iliyoletwa ilikuwa mbaya. Lawama nikamtwika muuza rangi, mtu wa Nairobi ambaye hakuwepo kujitetea. Renzo akatikisa kichwa, akatoka.

Wiki iliyofuata watu walipiga kura, akakosa. Si kwa uchache wa kubishaniwa. Alikosa kabisa.

Hapo ndipo niliacha kucheka. Alirudi kiwandani, mashine ziliendelea, lakini alifunga geti la uwanja kwa mnyororo. Jumapili ya kwanza watu walikuja wakaona mnyororo, wakarudi. Kisha ikasikika kwamba kiwanda kitauzwa na uwanja utakuwa maghorofa, na kweli wapimaji wa ardhi walionekana na vile vyombo vyao vya miguu mitatu. Nikastaafu katikati ya hali hiyo. Nikarudi Ngoingwa kukaa, kazi niliyoifanyia mazoezi maisha yangu yote, lakini sikuweza kukaa vizuri. Nikilala naona mlango wa godauni. Niliamini, na niliamini kwa muda mrefu, kwamba mtu amepoteza kwao na amepoteza kwetu kwa sababu mimi sikutaka kulowa.

Miezi ikapita. Siku moja mchana nikasikia gari, nikachungulia, ni Renzo. Hajawahi kufika kwangu, maana sijawahi kualika mtu. Alikuwa amebeba furushi la soksi. Akasema amekuja kuniaga. Amepata mnunuzi, na dada yake amemwambia aje akae kwake hata kama ni kwa viza ya mgeni. Alilisema neno hilo, mgeni, kama mtu anayetafuna changarawe.

Mke wangu alileta chai na kutuacha. Nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka kaburini. Nikamwambia yote: tyubu, lango, manyunyu, tangawizi, na kwamba muuza rangi hakuwa na kosa. Nilitazama chini nikiongea. Nilipomaliza nilingoja anitukane kwa lugha yao, nilikuwa tayari.

"Nilijua," akasema. "Nilipita dirishani nikakuona. Kitambaa mkono huu, kikombe mkono huu."

Nikamwuliza mbona hakunisimamisha.

Akakuna shingo. "Nilitaka kukwambia twende langoni. Lakini nilikuwa sina mwavuli."

Tulikaa hivyo, wazee wawili, mmoja aliyekataa kuacha chai na mwingine aliyekataa kulowa. Nikamwambia kura basi tulizipoteza sote wawili. Akasema labda si jezi. Labda watu walijua tangu mwanzo kwamba yeye si wao, jezi ikawapa tu mahali pa kuchekea. Na hilo, alisema, ndilo lililomshinda kumeza. Angekuwa amekosa kwa sababu ya rangi ya jezi angebaki. Anauza kwa sababu alikosa kwa sababu ya damu.

Nikammiminia chai nyingine. Mimi najua magadi.

Ndipo Mama Njeri akaingia kupitia lile pengo la ua wa kayaba, ambalo kwa miaka yote hiyo amekataa kuliita pengo, analiita mlango. Amebeba beseni la nduma kichwani. Alikuwa ameona gari. Hakusalimia sana, aliuliza tu ni nani kati yetu anakaa na ufunguo wa uwanja, kwa sababu tangu mnyororo uwekwe yeye anauzia nduma kuku. Nikamkonyeza anyamaze, nikamwambia mzee amekuja kuaga. Akauliza kuaga kwenda wapi. Nikamwambia kwao.

Alimtazama Renzo juu mpaka chini, kama vile Mzee Mutua alivyotazama kipande kibichi. Renzo akasimama kumpisha kiti, mtu wa adabu kama kawaida yake. Halafu, kwa kile Kiswahili tulichomharibia, akamwuliza waziwazi lile ambalo hakuna mgombea anayemwuliza mtu usoni: kama alimpigia kura, na kama hakumpigia, ni kwa nini.

Nilitamani ardhi inifunike. Mama Njeri hata hakupepesa. Akashusha beseni mezani kwangu, juu ya soksi, akafuta mikono kwenye leso, akamwambia hivi, neno kwa neno:

"Sikukupigia, na bwanangu hakukupigia. Ungekuwa mgeni tungeona haya kukunyima, mgeni hanyimwi. Lakini wewe ni wa hapa, na sisi wa hapa tunanyimana kila siku, hata mimi nilinyimwa uenyekiti wa akina mama kanisani na sikuhamia Italia. Sasa kunywa hiyo chai uende ufungue uwanja, nyasi imefika magotini."